Uanzie wapi kuimba ghazal, qawwali na nyimbo za filamu za Kihindi

Kwa aliyeuliza aanzie wapi kuimba nyimbo hizi: anza na riyaz (mazoezi ya sauti) ya asubuhi. Weka programu ya simu ya tanpura (ala ya nyuzi inayovumisha sauti ya msingi) ivume, tafuta Sa (noti ya kwanza ya ngazi ya muziki ya Kihindi) inayokaa vizuri kooni mwako, kisha shuka polepole hadi noti za chini kwa "aaa" ndefu, pumzi moja kwa kila noti. Tafadhali usiruke hatua hii, ndiyo inayotuliza sauti. Halafu meend, yaani kuteleza toka noti hadi noti bila kukatika. Ghazal (mashairi ya mapenzi yanayoimbwa) na nyimbo nyingi za filamu zinaihitaji. Ghazal inadai pia matamshi safi ya Kiurdu. Anayetamka vizuri gh ya "ghali" na kh ya "Khamis" ameshapata mwanzo, kwa sababu Kiurdu kina sauti hizo. Qawwali (nyimbo za kidini za Kisufi) inataka pumzi nyingi, usiijaribu koo likiwa limechoka. Kwa gamaka (mapambo ya kutikisa noti) za Karnatic, muziki wa India Kusini, tafuta mwalimu.