Ekari 30 za Nachingwea

Mwanangu Aika,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa miwani ya mama yako. Unauliza imekuwaje sensa ya 2022 ikute watu 141 kwa kila kilomita ya mraba Kilimanjaro, na Lindi 18 tu, wakati huko Nachingwea unauziwa ekari 30 kwa bei ya chee. Mimi hapo nimesikia swali jingine: ninunue, nisinunue? Hilo silijibu.

Watu hufuata maji. Nimewaambieni tangu mkiwa wadogo mkachoka. Mlimani kuna masika na vuli, udongo wa volkano, na mifereji waliyochimba wazee kuteremsha maji kutoka msituni hadi migombani. Ekari moja na nusu ya babu yako ililisha watu kumi na mmoja. Haya, igawe sasa.

Aliigawa mwaka 1974. Mila unaijua: hurithi mkubwa na kitinda mimba. Mimi wa pili. Siku hiyo alichomeka masale, mimea yetu ya mpaka, kati ya baba yako mkubwa na baba yako mdogo, na ili mstari unyooke akanipa mimi nishike ncha ya kamba. Nikaishika.

Ndipo nikaenda Urambo kulima tumbaku, maana tuliambiwa ardhi ni tele. Jirani yangu, mzee wa Kinyamwezi, akanishauri nisilete ng'ombe. Nikamwona mzembe. Nina miaka 22, nimetoka mlimani, nani anifundishe ng'ombe? Fedha ya mavuno ya kwanza nikanunua mitamba miwili. Mbung'o wa miombo, wale wanaoambukiza ng'ombe ugonjwa, huuma hata juu ya shati. Mmoja alisimama manyoya, akatokwa machozi mchana kutwa, akakonda hadi mbavu zikahesabika, akafa na mimba yake. Wa pili hakufika Krismasi. Mzee alikuja na jembe tukachimba shimo pamoja, hakusema neno. Afadhali angesema.

Ardhi tupu ina sababu yake, mwanangu. Waingereza nao hawakuuliza. Walileta mpango wao wa karanga mwaka 1947: Kongwa, Urambo, na huko huko Nachingwea kwako. Kufika 1951 wameuacha, mamilioni ya pauni yamekwenda.

Lakini ngoja. Lindi inapata mvua kuliko Dodoma, sasa maji yangu yako wapi? Kusini kulipita Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, mashamba na maghala yakachomwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Shamba likikosa mwenyewe pori linarudi, pori ndiyo nyumba ya mbung'o, na mbung'o hamruhusu mtu kurudi. Miaka ya 1940 mkoloni akawahamisha watu wa upande wa Liwale, akasema ni kwa ajili ya malale, ugonjwa wa mbung'o kwa watu, na makazi yao yakaingizwa pori la akiba la Selous. Leo ukipita utaapa hapajawahi kupikwa ugali pale. Kwa hiyo si maji tu, nakubali. Na ninyi wa Dar es Salaam, zaidi ya milioni 5, mnaonunua maji kwa madumu, mmefuata maji gani? Mama yako anasema hela nayo ni maji. Sibishani naye.

Ukienda kuliona hilo shamba, usiende Aprili. Aprili kila shamba ni zuri. Nenda Oktoba. Muuzaji mwache, waulize kina mama wanachota wapi na wanatoka nyumbani saa ngapi. Uliza pia lilikuwa la nani, na alikwenda wapi. Ningekuwa mimi... basi, nimesema sijibu.

Baba yako mkubwa habari zimemfikia. Anasema hapo nyumbani kuna upenyo nyuma ya makaburi, anaweza kukukatia ujenge chumba. Nimemshukuru. Kamba atashika nani, sikumuuliza.

Baba yako