Kabla hujakwangua masizi ya silinda, vuta stuli

Kijana aliyekuja karakanani kwa mazoezi aliniuliza kwa nini nimekaa nusu saa na tochi mbele ya silinda chafu badala ya kuisafisha. Nikamwambia avute stuli.

Ilikuwa injini ya Lycoming O-320 yenye silinda nne, imetoka kwenye Cessna 172 ya kufundishia marubani hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Ilikuwa imekaribia saa 2,000, muda ambao mtengenezaji anataka injini ifumuliwe. Kila silinda niliifunga lebo ya namba kabla haijagusa meza. Kampuni ya Lycoming huhesabu silinda kuanzia mbele, kampuni ya Continental huanzia nyuma, na aliyezoea moja akishika nyingine huandika uongo bila kujua.

Masizi hayana rangi moja. Yakiwa meusi na makavu kama ya sufuria ya kuni, petroli inazidi hewa. Yakiwa meusi na yanateleza, oili inapenya kwenye ringi au kwenye shina la valvu. Yale ya kijivu ni ya risasi, maana petroli ya ndege ya 100LL bado ina madini hayo. Ndani ya plagi za chini nilikuta punje za risasi ndogo kama mtama, nikajua hapo hapo kwamba wanafunzi wanatembeza ndege chini huku kile kirungu chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa kimesukumwa mpaka mwisho. Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi. Ukiiachia petroli yote, injini inavimbiwa, na chumba cha moto hakipati joto la kuitoa risasi pamoja na moshi.

Ukikimbilia kusafisha, habari zote hizo unazimwaga na maji machafu. Kwa hiyo piga picha kwanza. Itazame hasa valvu ya ekzosi: rangi zake ziwe duara zinazolingana kuzunguka kitovu. Ukiona upande mmoja una rangi tofauti, imeanza kuungua.

Kwenye kusafisha kwenyewe nina aibu ya kusimulia. Mwaka wangu wa kwanza niliharibu pistoni nne kwa dawa niliyoijua tangu gereji ya magari ya mjomba wangu, yaani kostiki soda kwenye pipa la maji ya moto. Vyuma vya huko vilikuwa vinatoka vinameta. Nikatumbukiza pistoni, maji yakaumuka povu kama maziwa yanayotaka kufurika, nami nikafurahi kwamba dawa inafanya kazi. Ilifanya kazi kweli, ya kula alumini. Zilitoka na uso wa kijivu wenye unga, mifereji ya ringi imepanuka. Mkubwa wangu hakufoka. Alizipima moja moja, akaziandika zote kwenye karatasi ya vitu vya kutupwa, kisha akanipa kalamu nitie sahihi.

Basi nunua dawa iliyoandikwa wazi kwamba haidhuru alumini, loweka kwa muda ulioelekezwa, na uwe na subira. Masizi yakishalainika, kwangua kwa kipande cha plastiki au mti. Brashi ya waya iache kwenye ndoano yake. Kwa mifereji ya ringi mimi hutumia kijiti cha mwanzi na kamba iliyolowa dawa. Gereji za magari huvunja ringi kuukuu wakaifanya patasi. Kwenye ndege usithubutu. Kona ya chini ya mfereji ina mviringo mdogo, na ukiichonga ikawa kali, ufa utaanzia hapo.

Wapo wanaopenda kupuliza shanga za kioo kwa kompresa. Kazi inakwisha haraka, nakubali, lakini shanga hujificha kwenye vitundu vya oili na safari yao huishia kwenye beringi. Tena mpulizo mkali unaweza kuufunika mdomo wa ufa, halafu dawa nyekundu ya kutafutia nyufa isipate pa kuingia. Ukilazimika kupuliza, tumia chembe laini kama za maganda ya jozi, na uzibe kila tundu.

Usisahau kijibomba kinachoongoza shina la valvu ya ekzosi. Masizi yakijaa humo, valvu hukwama injini ikiwa baridi: asubuhi inatetemeka dakika moja, kisha inatulia kana kwamba hakuna kitu. Lycoming wana waraka wao wa kupima nafasi kati ya shina na kijibomba hicho, namba 388C. Usome kabla hujashika kifaa chochote cha kukwangulia tundu.

Vumbi la kijivu ni sumu. Lilowanishe, usilipulize. Vaa barakoa na glavu, na unawe mikono vizuri kabla ya chai ya saa nne.

Silinda tatu za ile 172 zilipita. Ya namba 3, chini ya tabaka la kijivu, ilikuwa na ufa wa urefu wa ukucha kati ya tundu la plagi na kiti cha valvu ya ekzosi. Kijana ndiye aliyeuona, mstari mwekundu wa ile dawa juu ya unga mweupe wa kuionyesha, akaniita bila kuinua macho. Picha zangu za siku ya kwanza nimezipeleka shule ya urubani, pamoja na ombi kuhusu kile kirungu chekundu.