Natoka shifti alfajiri na theluji ya Dallas inanitisha

SWALI: Shikamoo kaka, niko Dallas huku Marekani mwaka wa pili sasa, natunza wazee usiku natoka saa 12 asubuhi. Theluji ya huku sio ile kavu ya kupeperuka, ni nzito ina majimaji na mji mzima hawajaizoea. Nyumbani nimeendesha Lushoto kwenye tope la masika wala siogopi, ila juzi nimekanyaga breki gari ikajiendea tu. Mume wangu anasema tununue fowili, yaani gari inayovuta kwa tairi zote nne, nitakuwa salama, ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Shemeji ana nia njema ila fowili inakusaidia kuondoka, kusimama haikusaidii kitu, breki ni zilezile na tairi ni zilezile nne.

Tope la Lushoto limekufundisha mkono mwepesi na huo endelea nao, usukani taratibu, mafuta kidogokidogo, ila kwenye tope tunazoea kukanyaga mafuta tupite kwa nguvu, hapo kwenye theluji ya maji usijaribu kabisa, tairi ikizunguka bure inaisugua inakuwa barafu. Na tope unaliona! Hii ya huku mchana inayeyuka usiku inaganda, alfajiri unaona lami imelowa tu kumbe ni kioo. Darajani ndo kubaya zaidi maana upepo baridi unapita juu na chini, hakuna ardhi chini ya kulipasha joto, daraja linaganda kabla ya barabara nyingine. Februari 11, 2021 hapo Fort Worth, jirani yenu kabisa, mvua inayoganda ikigusa lami ilishika barabara kuu ya I-35W na magari zaidi ya 130 yakagongana, watu 6 wakafa, na ilikuwa saa 12 hiyohiyo unayotoka wewe, wengi mle walikuwa wahudumu wa afya wa shifti. Nikisoma barua yako nawakumbuka wao.

Kwa hiyo ukikaribia daraja punguza mwendo KABLA hujapanda, ukiwa juu usiguse breki, acha nafasi kubwa mbele. Gari ikiteleza toa mguu kwenye mafuta, elekeza usukani unakotaka kwenda. Kama gari lina ABS, breki zinazozuia tairi zisikwame, na lazima ufunge breki, kanyaga moja kwa moja usiachie hata pedeli ikitetemeka, ndo kazi yake.

Ila mimi ningekuwa wewe ningeomba kulala kazini mpaka jua litoke. Mji wa Atlanta Januari 28, 2014 theluji haikufika hata sentimita 7, lakini watu waliruhusiwa kurudi nyumbani wote kwa wakati mmoja wakajazana barabarani, wengine wakalala kwenye magari na watoto wakalala mashuleni.

Ukikwama, kabla ya kuwasha injini upate joto shuka ufukue theluji kwenye ekzosi, ikiziba sumu inarudi ndani na haina harufu, mtu analala haamki. Weka blanketi na maji kwenye buti la gari leo hii, usingoje tangazo.