Ukiulizwa "limeandikwa wapi?": kwa katekista anayeanza kufundisha maadili

Mwalimu mpya, somo la sala utalifundisha bila shida, na la sakramenti pia, kwa sababu watu huja wakiwa tayari kupokea. Ukifika kwenye maadili, mikono inanyooka. Wakatekumeni, watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, wanataka kujua habari za mke wa pili. Vijana wa Kipaimara wanauliza mambo ambayo hukuyatarajia kwa umri wao. Na kila darasa lina mmoja ambaye ana shemeji mlokole, na shemeji amemtuma: "Mwalimu, hilo limeandikwa wapi?"

Swali ni halali, usimkaripie. Shida iko kwenye jibu tunalolikimbilia: kufungua Biblia haraka haraka kutafuta mstari mmoja wa kumnyamazisha. Ukiupata, shemeji atamtuma tena Jumamosi ijayo na mstari wake, na mtarushiana aya mpaka Pasaka. Mafundisho ya maadili ya Kanisa hayakujengwa kwa mstari mmoja mmoja. Yamejengwa juu ya mwendo wa Maandiko yote, na mwendo huo una mahali unapoanzia na mahali unapofika, yaani kwa Kristo. Jifunze kuuona mwendo, halafu uwaonyeshe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni sura ya nne ya kitabu cha Mwanzo. Kila mtu anajua kwamba Kaini alimuua Abeli, na wengi hufunga kitabu hapo. Waambie waendelee. Aya ya 10, damu ya Abeli inalia kutoka ardhini. Aya ya 15, Mungu anamtia Kaini alama ili yeyote atakayemwona asimuue. Simama hapo kidogo, uwaache walione wenyewe: muuaji ameadhibiwa, amefukuzwa, lakini uhai wake una mlinzi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1995 juu ya Injili ya Uhai, alikitumia kisa hiki kufungulia sura ya kwanza, na akasema kwamba hata muuaji hapotezi hadhi yake ya utu. Papa Fransisko alipoibadilisha namba 2267 ya Katekisimu, kitabu cha mafundisho rasmi ya Kanisa, mwaka 2018, akafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, alisimamia hoja hiyo hiyo ya hadhi.

Sasa shuka mpaka aya ya 19. Anatokea Lameki, mtu wa uzao wa Kaini, na wake zake wawili, Ada na Sila. Anawaita wake zake wasikilize anavyojigamba: ameua kijana kwa sababu ya kuchubuliwa tu. Kama Kaini hulipiwa kisasi mara saba, yeye Lameki atalipiwa mara sabini na saba. Huko ndiko kisasi kinakofika kikiachwa kijiendee.

Ukitoka hapo nenda Kutoka 21:24, jicho kwa jicho, jino kwa jino. Watu mtaani huutaja mstari huu kama ruhusa ya kulipiza. Ukiusoma baada ya Lameki utaona ni hatamu: jicho moja kwa jicho moja, usiende kuchoma nyumba ya ukoo mzima. Kisha Mathayo 5:38, Yesu anaunukuu mstari huo na kuupita. Kisha Mathayo 18:22, Petro anapouliza kama mara saba zinatosha kusamehe, anajibiwa saba mara sabini. Zisome aya hizo jioni moja, kwa mfuatano huo, na usieleze sana. Yupo atakayesema kabla yako kwamba Yesu hapo alikuwa anamjibu Lameki.

Mwaka 2008 Tume ya Kipapa ya Biblia ilitoa hati juu ya Biblia na maadili, na namna hii ya kusoma ndiyo iliyomo. Vipimo vyake viwili vya kwanza ni hivi: je, jambo hili linapatana na jinsi Biblia nzima inavyomwona binadamu? Na je, linapatana na mfano wa Yesu? Vinavyofuata ni vya kina zaidi, na kimojawapo ni huo mwendo niliouonyesha, kwamba Mungu aliwafundisha watu wake hatua kwa hatua. Hati hiyo si ya kuibeba darasani. Vipimo hivyo viwili vitakutosha mwaka wako wa kwanza.

Ukishaielewa njia, swali la mke wa pili halitakutisha. Litakuja hivi: "Mwalimu, Yakobo alikuwa na wake, Daudi alikuwa na wake, na Mungu aliwapenda. Sisi kosa letu nini?" Ukirukia katazo umeshampoteza mzee huyo. Mjibu, "Mzee wangu, tusome habari za nyumba zao." Fungueni Mwanzo 30:14-16, Raheli na Lea wanapopatana bei ya usiku mmoja wa mume wao, na bei yenyewe ni tunguja alizookota mtoto shambani. Wape kina mama wasome kwa sauti. Wao ndio watakaocheka kwanza, na kicheko hicho kitafundisha kuliko wewe. Hana na Penina wapo mwanzoni mwa kitabu cha kwanza cha Samweli, mmoja akimchokoza mwenzake mpaka analia na kukataa chakula. Watoto wa Daudi wa mama mbalimbali, soma 2 Samweli 13, ila hiyo usiwape wadogo. Biblia haikuandika pembeni kwamba hili ni baya. Imesimulia yaliyotokea ndani ya nyumba. Na mtu wa kwanza kuoa wake wawili ni nani? Rudi kwa Lameki.

Baada ya hapo ndipo Mathayo 19. Mafarisayo wanamletea Yesu ruhusa ya talaka iliyoko Kumbukumbu la Torati 24, naye anawaambia Musa aliitoa kwa ugumu wa mioyo yao, "lakini tangu mwanzo haikuwa hivi." Anawarudisha kwenye Mwanzo 1 na 2, mume na mke, mwili mmoja. Yaani Yesu mwenyewe aliisoma Biblia kwa mwendo: mstari upo, ruhusa imeandikwa, lakini haukuwa mwanzo wala si mwisho.

Neno moja la hadhari hapo. Mwenye wake wawili huenda amekaa kwenye benchi la nyuma, na mmoja wa wake zake yuko naye. Usimfanye mfano. Suala lake ni la paroko, na Sheria za Kanisa zimelipangia utaratibu katika kanuni ya 1148, pamoja na wajibu wa kuhakikisha kwamba mwanamke anayeachwa hatupwi bila matunzo. Wewe fundisha, ndoa za watu usizifungue darasani.

Kwenye Amri Kumi, usianze na "usiwe na miungu mingine". Anza aya moja juu yake, Kutoka 20:2, Mungu anapojitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Misri, katika nyumba ya utumwa. Amri zimekuja baada ya watu kukombolewa, hazikuwa nauli ya kutokea Misri. Katekisimu nayo imepangwa vivyo hivyo. Walimu wengi wapya huifungua namba 2084, amri ya kwanza, na kuanza kufundisha, wakati sehemu ya maadili inaanza namba 1691 kwa maneno ya Mtakatifu Leo Mkuu ya kumwambia Mkristo aitambue hadhi yake. Kati ya hapo na Amri Kumi kuna Heri za Yesu ("Heri walio maskini wa roho"), uhuru, dhamiri, fadhila, dhambi, neema. Ukivuka yote hayo, darasa lako litakuwa orodha ya makatazo, na vijana wataondoka wakikumbuka idadi tu.

Kwa habari ya idadi, jiandae kwa mihadhara. Utaambiwa Wakatoliki wameifuta amri ya pili ili wapate kuweka sanamu. Haijafutwa kitu. Biblia inasema amri ni kumi lakini haikuziwekea namba, na jinsi ya kuzigawa inatofautiana. Sisi tunafuata mgawanyo wa Mtakatifu Augustino, ambamo katazo la sanamu za kuabudiwa limo ndani ya amri ya kwanza, na tamaa imegawanywa mbili mwishoni. Walutheri wanagawa kama sisi. Waanglikana na Wasabato wanagawa kwa namna nyingine, kwa hiyo "usizini" kwetu ni ya sita na kwao ni ya saba. Ukimjua jirani yako anahesabuje, mabishano mengi yanaisha kabla ya chai.

Sasa niseme lililo moyoni. Amri ya sita tunaifundisha majuma matatu, amri ya saba robo saa, na robo saa yenyewe tunaimalizia kwa mwizi wa kuku. Ifundishe ya saba kwa Torati yenyewe. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ukilichukua umechukua uhai wa mwenye nalo. Waulize wanajumuiya jiwe la kusagia la leo ni lipi. Hutasubiri jibu. Mama fulani atataja cherehani, kwa sababu anamjua jirani ambaye watu wa mikopo ya kausha damu walikuja asubuhi wakaibeba na kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano, kisha wakamwambia aendelee kulipa. Atalipa kwa kushona na nini? Hilo ndilo swali la Torati. Endelea na Kutoka 22:25-27: usimtoze maskini riba, na vazi lake ukiliweka rehani mrudishie kabla jua halijazama, maana ndilo analojifunika usiku.

Halafu geukia ujira. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inataka kibarua alipwe siku ile ile. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Katekisimu, namba 1867, imeuweka udhalimu kwa mwenye kuishi kwa ujira kati ya dhambi zinazomlilia Mungu, kwenye orodha moja na damu ya Abeli. Na anayewasikiliza huenda ana dada wa kazi nyumbani anayemdai miezi mitatu. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5:14 inamtaja na yeye: mtumishi wako apumzike kama wewe. Watu watakaa kimya. Usiwasaidie kutoka kwenye ukimya huo mapema.

Yapo mambo ambayo hayamo katika Biblia kabisa, na usilazimishe yawemo. Kisa cha Onani, Mwanzo 38, zamani kilitumika sana kufundishia uzazi wa mpango. Papa Pius XI alikitaja mwaka 1930. Waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968 haukukitegemea, ulijenga hoja yake juu ya maana ya tendo la ndoa na sheria ya maumbile. Fuata njia hiyo. Paulo mwenyewe anaifungua katika Warumi 2:14-15, anaposema watu wasio na Torati wana kazi yake imeandikwa mioyoni mwao. Vijana watakuuliza kamari za simu. Biblia haina mstari wa mkeka. Katekisimu, namba 2413, inasema michezo ya bahati si kosa yenyewe, bali inakuwa kosa inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea, na ina hatari ya kumfanya mtu mtumwa. Mwulize kijana pesa ya mkeka uliochanika jana ilikuwa ya nini kabla hajaiweka.

Vifaa: Biblia yako iwe yenye vitabu 73. Ile ya Union Version walionayo wengi haina Tobiti wala Yoshua bin Sira, na hivyo viwili ni hazina ya mwalimu wa maadili. Tobiti 4:15 inasema usimtendee mwingine usichopenda kutendewa. Sira 3 ni ufafanuzi mzima wa amri ya nne, na inawahusu watu wazima: umsaidie baba yako katika uzee wake, hata akili zikimpungua. Sura hiyo huwa miongoni mwa masomo ya Dominika ya Familia Takatifu, siku chache baada ya Krismasi, wakati waliokwenda nyumbani bado wako kwa wazazi wao. Somo la amri ya nne lipange wiki hiyo.