Kabla ya mkono mpya, angalia mkanda

Ndugu yangu, umesema pleya ya santuri uliyoachiwa na marehemu baba inavuta sauti kama mtu mwenye usingizi, na unauliza kama ununue mkono mpya, ule unaobeba sindano. Subiri kwanza. Kwa pleya kama yako, ambayo sahani yake huzungushwa na mkanda wa mpira, dalili hiyo mara nyingi hutokana na mkanda huo kulegea kwa uzee.

Chomoa umeme, inua sahani, toa mkanda, kisha futa puli ya mota (kigurudumu kinachovuta mkanda) kwa kitambaa chenye spiriti. Mkanda mpya usiushike kwa vidole vyenye mafuta. Ekseli ya sahani ifute grisi iliyoganda, uweke tone moja la oili nyepesi. Tone tu! Halafu bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani uhesabu: kwa kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, inapaswa kuzunguka mara 100 ndani ya dakika 3.

Ukitaka kuiboresha, pesa yako ianzie kwenye sindano. Sindano iliyolika huchuna mifereji ya santuri, na mfereji ukishachunwa haurudi. Uzito ambao sindano inaikandamiza santuri upime kwa mizani ndogo. Kartriji (kichwa kinachoshika sindano) nyingi za sumaku hutaka karibu gramu 1.5 hadi 2, lakini fuata maelezo ya mtengenezaji. Na ule mngurumo uliosema unausikia kwenye spika? Kaza waya wa ethi kwenye amplifaya.

Na boksi la mbao la pleya unalotaka kulipiga msasa, naomba uliache. Lipanguse tu. Mikwaruzo ile aliiweka baba yako.