Wa Salem hawakuchomwa moto

Hapana ndugu, wale walioshtakiwa kwa uchawi huko Salem, Massachusetts, Marekani ya leo, hawakuchomwa moto kama ulivyosikia. Mwaka 1692 walinyongwa watu 19, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey alikandamizwa kwa mawe hadi kufa kwa kukataa kesi yake isikilizwe na mahakama ile. Kinachoniuma zaidi ni Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71. Wazee wa baraza walisema hana hatia, waliomshtaki wakapiga mayowe, hakimu akawarudisha wazee wakafikirie upya. Akanyongwa. Waliokiri uchawi, kama Tituba, mwanamke mtumwa aliyekuwa kati ya washtakiwa wa kwanza, wengi walipona. Waliokana ndio waliouawa. Na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa kivuli, yaani mzuka, cha mtuhumiwa, ambacho mlalamikaji peke yake ndiye aliyedai kukiona!