Sauti Yake Naijua, Uso Wake Bado

Shikamoo shangazi. Nina miaka 36 na binti mmoja, nashona sare za shule karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Miezi saba sasa nimejuana mtandaoni na mwanamume wa Nakuru. Hunipigia kila usiku na hajawahi kuniomba hata shilingi. Juzi alituma 2,000 za vitabu vya mtoto. Ujumbe wa M-Pesa ukaja na jina la mwanamke, akasema laini ni ya dada yake. Simu ya video hataki, ati kamera imeharibika. Sasa anataka kunitumia nauli niende kwake wikendi. Dada yangu ananicheka, lakini nampenda. Niende?

Marahaba mwanangu. Mimi sikucheki. Mtu aliyekusikiliza miezi saba, akajua usiku mtoto alipokuwa na homa na siku sindano ya cherehani ilipokatika ukiwa na oda ya watu, amekupa kitu ambacho wake wengi hawakipati kwa mume wanayelala naye kitanda kimoja. Mapenzi yako ni ya kweli. Swali ni kama na yeye ni wa kweli.

Hilo jina la M-Pesa limenikaa kooni. Huenda hadanganyi, kwetu wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha ndugu. Ila jina lina mwenyewe, na mwenyewe ama ni dada ama ni mke. Usipeleleze. Mwambie tu, "Naomba nizungumze na dada nimshukuru kwa laini yake." Dada wa kweli atashika simu, atacheka, atakuuliza kwenu ni wapi. Ukisikia leo dada kasafiri, kesho dada mgonjwa, mwanangu, umeshajibiwa.

Kamera nayo ningeielewa kwa mwezi mmoja. Miezi saba, na Nakuru mafundi wa simu wamejaa? Aazime simu ya rafiki, dakika tano zatosha.

Nauli yake usiipokee. Nauli ya mtu hukuweka deni kabla hujafika, na moyo ukikataa ukiwa kule, utaona haya kurudi. Wala usiende nyumbani kwake. Kericho iko njiani. Kila mmoja apande matatu kwa pesa zake, mkutane Jumamosi asubuhi katika mkahawa wenye watu, karibu na steji. Pesa za kurudi ziwe mkobani, si kwenye simu tu, na saa tisa uwe umeshaketi kwenye gari la Kisumu, hata kama mazungumzo ni matamu. Huyo dada yako anayekucheka ndiye wa kumwachia namba ya mwanamume na saa ya kurudi. Acha acheke, mradi ajue uliko.

Binti abaki nyumbani. Na picha zake akiwa na sare usimtumie mtu huyu. Wewe unayezishona unajua sare hutaja shule hata pasipo maandishi.

Akikubali Kericho, jishonee gauni zuri, safari hii la kwako, uende ukamwone. Akiikataa Kericho na bado anang'ang'ania uende kwake, siku hiyo kaa na cherehani yako.